Picha za Aden na injini ya mjomba

Juzi Jumamosi nilipita kwa mjomba wangu, nikamkuta nyuma ya nyumba kashusha injini ya Corolla yake ya miaka ya themanini. Peke yake, nakwambia! Mnyororo kautundika kwenye mwembe, silinda hedi iko juu ya gunia, pistoni zimepangwa kama askari kwenye gwaride. Nikamuuliza, "Mjomba, hii si kazi ya mafundi?" Akanionyesha kwa kidole kitabu kikuukuu kilicholowa oili. Kitabu cha Haynes.

Nikarudi nyumbani kumtafuta huyo Haynes ni nani, na habari zake ni tamu kuliko nilivyodhani.

John Haynes alizaliwa mwaka 1938 Ceylon, Sri Lanka ya leo, baba yake akisimamia shamba la chai. Akiwa shule ya bweni Uingereza aliomba asicheze raga ili alijenge upya gari dogo aina ya Austin 7. Mwaka 1956 akatoa kijitabu kuhusu kazi hiyo, nakala 250 zikaisha kwa siku 10. Mimi umri huo nilikuwa nafukuzia mpira wa makaratasi.

Kisha akaingia jeshi la anga la Uingereza. Mwaka 1965 akiwa Aden, wakati huo bado chini ya Waingereza, mwenzake alinunua Austin-Healey Sprite iliyochoka, ile yenye taa zilizotokeza juu ya boneti kama macho ya chura. Wakaamua kuifungua wenyewe. Kitabu cha kiwanda hakikuwasaidia, maana kiliandikwa kwa ajili ya fundi aliyekwisha kusomea kazi. Haynes akanunua kamera, akawa anapiga picha hatua kwa hatua, kufungua na kufunga.

Wasomaji wangu, msiidharau hiyo kamera. Kufungua injini hata mtoto anaweza, shughuli iko kwenye kufunga. Bolti za hedi hukazwa kwa mpangilio, kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo. Ukikurupuka hedi inapinda, gasketi inavuja, maji yanaingia kwenye oili. Ringi za pistoni haziwekwi nafasi zake zikiwa zimeelekeana. Vifuniko vya beringi za krenki kila kimoja hurudi palepale kilipotoka. Haya fundi hujifunza kwa kuosha vyuma vya watu miaka kadhaa kabla hajaruhusiwa kushika spana, na wapo mafundi wasiopenda uwatazame wakiyafanya. Sasa yakaingia kwenye picha, mtu yeyote akayaona.

Kitabu cha Sprite kilitoka mwaka 1966. Nakala 3,000 zilikwisha chini ya miezi mitatu. Kwa maoni yangu wakati nao ulimbeba: tangu 1960 Uingereza ilikuwa imeanza kulazimisha magari ya zaidi ya miaka 10 yakaguliwe breki, taa na usukani, na kufikia 1967 ukaguzi ukashuka hadi magari ya miaka mitatu. Mwenye gari kuukuu na mshahara mdogo alikuwa na njia mbili tu, alipe gereji au alale chini ya gari mwenyewe siku ya Jumapili. Mwaka huohuo wa 1967 Haynes akaacha jeshi, akabaki na vitabu. Utaratibu haukubadilika: gari halisi linafunguliwa, linapigwa picha, linafungwa.

Alifariki Februari 2019. Desemba 2020 kampuni ikatangaza kwamba haitachapa tena kwenye karatasi vitabu vipya vya magari mapya. Hivyo vinakwenda kwenye mtandao, na vya zamani vitaendelea kuchapwa.

Jana nilirudi kumsimulia mjomba yote haya. Hakuinua hata kichwa. Aliniomba spana namba 14.