Deni Lililoitwa Msaada

Lubumbashi ilipata reli kabla ya kupata mashamba. Treni kutoka upande wa Rhodesia iliingia Elisabethville, kama mji ulivyoitwa wakati huo, mwezi Septemba 1910, na tarehe 30 Juni 1911 tanuri la Union Minière du Haut-Katanga likamimina shaba yake ya kwanza. Wafanyakazi walioletwa kutoka mbali walipaswa kula. Kampuni ikawapa posho, na unga wa posho hiyo ukaja kwa reli ile ile kutoka Rhodesia. Walamba, wenye nchi, walikuwa wakilima mtama si mbali na tanuri hilo, lakini serikali ya koloni iliona afadhali iwalete walowezi wa Kibelgiji walime kandokando ya mji. Wengi walishindwa. Udongo wa huko ni mchoyo kuliko mawe yaliyo chini yake, na mtu aliyeahidiwa utajiri tangu Ubelgiji hakuwa na subira ya kungoja mahindi yakomae.

Swali la nani ailishe Elisabethville ndilo lililopeleka vijijini sehemu kubwa ya kile kilichokuja kuitwa msaada. Ukiufuatilia msaada huo mpaka chanzo chake, mara nyingi utakuta fedha zilizotoka kwa wanavijiji wenyewe, zikazunguka Brussels au kwenye vitabu vya kampuni, ndipo zikarudi zikiwa na jina jipya.

Mji ulikula samaki pia, na samaki walitoka Kasenga, ukingoni mwa mto Luapula, zaidi ya kilomita 200 kwa barabara. Wafanyabiashara Wagiriki walijenga makazi huko kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, wakaleta mashua, nyavu, barafu na malori, wakawa wanalisha makambi ya migodi. Samaki aliyesifika ni mpumbu. Mvua zikianza, hupanda mto na vijito kwa makundi kwenda kutaga, na watu wa Luapula walizijua siku zake kama wakulima wanavyozijua siku za kupanda. Mayai yake yalikuwa kitoweo cha heshima. Baada ya barafu kufika, mpumbu akawa mzigo wa lori, na mvuvi akauza kwa bei ya mwenye lori, kwa kuwa samaki hangoji mapatano. Nyavu ziliongezeka pande zote mbili za mto, upande wa Wabelgiji na upande wa Waingereza, na zilitegwa hasa pale mpumbu alipokuwa na mayai tumboni. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1950 alikuwa karibu kutoweka Luapula. Makambi yalihamia kwenye samaki wengine. Vijiji vilivyompoteza mpumbu havikulipwa chochote, na sijui ni nani angekubali kwamba kulikuwa na cha kulipa.

Katikati ya miaka hiyo vita vilikuwa vimepita. Ujerumani ilipoiteka Ubelgiji mwezi Mei 1940, Kongo ikawa ndiyo mali pekee kubwa iliyobaki mikononi mwa serikali iliyokimbilia London. Shaba ya Katanga, urani ya Shinkolobwe, bati na mpira vilitakiwa vyote kwa pamoja. Mjini, wafanyakazi wa Union Minière waligoma Desemba 1941, na askari wakawafyatulia risasi kwenye uwanja wa mpira wa Elisabethville. Waliokufa walikuwa makumi. Vijijini hapakuwa na mgomo wa kuandikwa magazetini. Huko kulikuwa na amri: mwaka 1942 siku za kazi za lazima zilipandishwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Theluthi moja ya mwaka mwanakijiji alilima, alitengeneza barabara au aliingia porini kutafuta mpira kwa ajili ya vita ambavyo hakuvianzisha. Bustani yake ilisubiri.

Ndipo ulipokuja mfuko. Tarehe 1 Julai 1947 serikali ya Ubelgiji iliunda Fonds du Bien-Être Indigène, yaani Mfuko wa Ustawi wa Wenyeji, wenye kazi ya kuinua maisha ya watu wa vijijini katika Kongo na Ruanda-Urundi. Miji iliwekwa nje ya kazi yake, kwani huko kampuni na serikali zilikuwa tayari zikijenga. Mtaji wake mkubwa ulikuwa fedha ambazo Ubelgiji ilizirudisha kwa ajili ya gharama za vita zilizobebwa na Kongo. Juu yake ikaongezwa faida ya bahati nasibu ya koloni.

Hapa inafaa kusimama kidogo. Gharama zile zilibebwa na nani? Hazina ya koloni ilijaa kwa kodi, kwa ushuru wa shaba na kwa mazao ya zile siku 120. Ubelgiji iliporudisha fedha, ilikuwa inalipa deni. Lakini deni likilipwa mwenyewe hupokea na kutumia apendavyo, na hakuna aliyewauliza watu wa Kasenga wangependa zitumikeje. Fedha ziliwekwa chini ya baraza la wakubwa, zikapangwa kwa miradi, na mradi ukafika kijijini kama zawadi.

Sitaki kuibeza kazi yenyewe. Mfuko ulichimba visima, ukajenga zahanati, wodi za wazazi, shule na nyumba ambamo kina mama walifundishwa kushona na kulea watoto. Ulichagua maeneo machache na kuyahudumia kwa mfululizo badala ya kutawanya vijisenti kila mahali, jambo ambalo mashirika mengi ya leo bado hayajajifunza. Kuhusu uendeshaji, majengo mengi yalikabidhiwa misheni. Upande wa Elisabethville hilo lilikuwa na maana yake: Wasalesiani wa Don Bosco walikuwa wamefika tangu mwaka 1911, wakafungua shule za ufundi na kujenga misheni vijijini, ikiwemo ya Kafubu, kusini-mashariki mwa mji, ambako masomo yalikwenda sambamba na shamba na karakana. Kwa watoto wengi wa mashambani mlango wa useremala na ufundi chuma ulifunguliwa na padre.

Mradi uliopendwa zaidi na wataalamu wa wakati huo ulikuwa bwawa la samaki. Kipopo, si mbali na Elisabethville, kulijengwa kituo cha utafiti baada ya vita, na mwezi Juni 1949 mji ulipokea mkutano wa Wabelgiji na Waingereza kuhusu uvuvi na ufugaji wa samaki. Wazo lilikuwa zuri. Unachimba bwawa karibu na kijito, unaingiza aina mbili za tilapia, mmoja mla majani na mwingine mla vijimea vidogo vinavyoelea majini, unatupia mabaki ya jikoni na samadi, na baada ya miezi familia ina kitoweo na ziada ya kuuza. Mabwawa yalienea Kongo nzima. Mwishoni mwa miaka ya 1950 yalihesabiwa zaidi ya 120,000.

Nyingi ya hesabu hizo zilikuwa za kumfurahisha afisa. Mabwawa mengi yalichimbwa kwa amri, chini ya macho ya kapita, yaani msimamizi wa kazi, sawasawa na pamba au mihogo ya lazima. Tilapia naye ana tabia yake: huzaa mapema na huzaa sana, na bwawa lisilovuliwa kwa mpango hujaa vidagaa visivyokua. Mtu aliyeona matunda ya jasho lake yakibaki urefu wa kidole, na ambaye hakulichimba bwawa kwa hiari, alikuwa na sababu gani ya kulitunza? Uhuru ulipokuja tarehe 30 Juni 1960, na siku kumi na moja baadaye Katanga ikajitangaza nchi peke yake, mabwawa mengi yaliachwa yakaota matete.

Miaka ya Rais Mobutu ilirudi kwenye mahindi. Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967, na mrithi wake, Gécamines, akabeba pia mzigo wa kulisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Programu ya Taifa ya Mahindi ilianza kazi Lubumbashi kwa msaada wa watafiti wa kimataifa, ikatoa mbegu zilizoitwa Shaba 1, Kasai 1 na Salongo. Hilo la mwisho ni jina la kazi za lazima za mwishoni mwa wiki. Aliyelichagua ama hakuwa na utani kabisa au alikuwa nao mwingi. Mbegu zilikuwa bora, barabara zilikuwa mbaya, na mahindi ya mbali yalioza yakisubiri lori.

Kisha Gécamines yenyewe ikaanguka. Mgodi wa Kamoto ulibomoka Septemba 1990, na uzalishaji wa shaba ukaporomoka kutoka zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka hadi makumi ya maelfu. Mwaka 2003 wafanyakazi 10,655 waliondoka kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia. Watu waliozoea kupimiwa unga na kampuni walishika jembe. Gavana Moïse Katumbi, aliyeongoza Katanga kati ya mwaka 2007 na 2015, alizitaka kampuni mpya za migodi zilime kila moja hekta 500 za mahindi. Zipo zilizolima, zipo zilizolalamika. Bukari, yaani ugali, ya Lubumbashi iliendelea kutegemea sana unga wa Zambia, na kila Zambia ilipofunga mpaka, bei ilipanda.

Badiliko lenye uzito zaidi lilikuja kwa karatasi. Sheria ya tarehe 9 Machi 2018, iliyorekebisha Kanuni ya Migodi ya mwaka 2002, inaitaka kila kampuni inayochimba itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa ajili ya maendeleo ya jamii zinazoguswa na mradi. Tena fedha hizo husimamiwa na chombo ambamo wawakilishi wa jamii hizo wanakaa pamoja na wa kampuni. Mbali na hilo, asilimia 15 ya mrabaha huenda kwa serikali ya mahali, kama vile chefferie, yaani eneo la chifu, au sekta. Kampuni inawekeana pia sahihi na wanavijiji kupitia daftari la majukumu: barabara hii, shule ile, kisima kile, kwa muda uliopangwa.

Asilimia 0.3 inasikika ndogo. Kampuni iliyouza shaba na kobalti ya dola milioni 100 inapaswa kutoa dola 300,000, na hesabu inafanywa juu ya mauzo, si juu ya faida, kwa hiyo mhasibu hawezi kuleta hasara ya kwenye karatasi na kusema hakuna cha kugawa. Kijiji kinachotaka kujua fungu lake kinahitaji tarakimu moja tu, ile ya mauzo ya mwaka, na kina haki ya kuidai mbele ya chombo ambamo watu wake wamo.

Ugomvi wa sasa katika vijiji vya migodi unahusu nani anahesabiwa kuwa jamii inayoguswa, nani anakaa kwenye chombo kwa niaba ya kina mama na vijana, na kama chifu anasema kwa ajili ya watu au kwa ajili ya nyumba yake. Ni ugomvi mzito, wenye kelele na tuhuma. Mwaka 1947 haukuwepo, kwa kuwa wanavijiji hawakuwa na kiti cha kugombania.