Pengo

Magazeti yetu huandika kwa wepesi kwamba umaskini ndio chanzo cha uhalifu. Sentensi hiyo huwatia hatiani mamilioni ya maskini wasiomwibia mtu, ilhali neno la haki zaidi tunalo: pengo. Pengo ni nafasi iliyobaki jino lilipong'oka. Na mtu akifariki twasema ameacha pengo lisilozibika. Halionekani ila kwa kulinganishwa na kilicho kando yake.

Mwaka 1982 wanasosholojia Judith na Peter Blau walichapisha uchunguzi kuhusu miji mikubwa 125 ya Marekani pamoja na viunga vyake. Walipoingiza pengo la kipato katika hesabu, umaskini wenyewe haukueleza tena tofauti za uhalifu wa kutumia nguvu. Mwanasosholojia mwenzao Robert Merton alikwisha kutaja mwaka 1938 sababu mojawapo ya pengo kuzaa uhalifu: jamii humhimiza kila mtu autafute utajiri, kisha huwafungia baadhi milango ya shule na ajira. Wachache kati yao hutafuta njia ya mkato. Wengine huendelea kushika kanuni hata baada ya kulikatia tamaa lengo, na hao hawaandikwi ukurasa wa mbele.

Kwa akina Blau, pengo lenye sumu kuliko yote ni lile mtu analozaliwa nalo, kama la rangi, kwa sababu bidii haimvushi, na uhasama unaozaliwa humo hukosa pa kutokea ila kwenye ugomvi na vurugu.