Mgonjwa K.F. na Chimbuko la Dhana ya Kumbukumbu Tendaji
Katika modeli ya Richard Atkinson na Richard Shiffrin ya mwaka 1968, kumbukumbu ya muda mfupi ndiyo iliyokuwa mlango wa kuingilia kumbukumbu ya muda mrefu. Mwaka 1970, Tim Shallice na Elizabeth Warrington walitia shaka dai hilo. Mgonjwa wao K.F., aliyeumia ubongo, hakuweza kurudia kwa uhakika zaidi ya tarakimu moja au mbili alizosikia, lakini alijifunza mambo mapya na kuyahifadhi. Ikiwa mlango ulizibwa, maarifa yalipita wapi? Mwaka 1974, Alan Baddeley na Graham Hitch waliwapa washiriki maswali ya mantiki huku wakishikilia tarakimu sita. Walichelewa, lakini hawakushindwa. Kwa hiyo ghala moja liligawanywa katika vitengo, na kilichoharibika kwa K.F. kikaeleweka kuwa kitengo cha sauti tu.