Mikono Iliyopika Chakula cha Mwisho

Misozi na Mtoweka walitwanga mtama pamoja na karanga, wakaupika, wakampelekea mgonjwa. Mwenyewe ndiye aliyeagiza, akidhani huenda kitu laini kama hicho kingepita kooni. Kilipowekwa mbele yake hakuweza kukila. Mgonjwa huyo alikuwa msafiri Mskoti David Livingstone, ilikuwa mwishoni mwa Aprili 1873, kando ya mto Molilamo, katika nchi ambayo leo ni Zambia.

Mimi hupenda habari za chakula cha mwisho cha watu mashuhuri, na nimeona jinsi zinavyosimuliwa. Msimulizi hukimbilia orodha ya vyakula. Mfalme Adolf Fredrik wa Sweden, tunaambiwa, alifariki Februari 1771 baada ya kula kamba, kaviari, kabichi chachu, samaki wa kukaushwa kwa moshi na shampeni, akamalizia na sahani 14 za mikate mitamu iliyolowekwa katika maziwa ya moto. Basi habari imekwisha, watu wamecheka, na hakuna aliyeuliza nani alikuwa jikoni usiku ule wala asubuhi yake aliamkaje. Nadhani hapo ndipo tunapokosa sehemu nzito ya historia hii. Anayekula chakula cha mwisho huondoka. Aliyekipika hubaki nacho.

Kwa bahati, siku za mwisho za Livingstone zilishuhudiwa na watu waliokuwa na macho mazuri. Wiki kadhaa msafara ulikuwa umepita katika maji na matope ya ziwa Bangweulu, mvua haikatiki, naye akitokwa damu kila siku hadi akawa hawezi kusimama. Vijana wake walimbeba mabegani, baadaye kwenye machela. Tarehe 27 Aprili aliandika mara ya mwisho katika shajara yake: kwamba nguvu zimemwishia, amebaki hapo apate nafuu, na ametuma watu wakatafute mbuzi wa maziwa wa kununua. Watu wakavuka mto, wakatafuta, wakarudi mikono mitupu. Wavamizi wa Kimazitu walikuwa wamekwisha kupora nchi ile. Hata hivyo, mkuu wa eneo hilo alimtumia mgeni zawadi ya mwanambuzi mmoja na vikapu 3 vya karanga, na wenyeji wakakubali kuuza nafaka kwa shanga. Hapo ndipo kinu kilipotafutwa.

Habari hizi tunazo kwa sababu wahudumu wa Livingstone, Abdullah Susi na James Chuma, walisafiri hadi Uingereza mwaka 1874, wakakaa na kasisi Horace Waller, aliyekuwa akitayarisha shajara hizo zichapishwe. Walimweleza siku za mwisho moja baada ya nyingine: wapi walilala, nani alibeba nini, mgonjwa alisema nini. Walipofika kwenye ule mtama na karanga, wanawake wale wawili walitajwa kwa majina. Hawakuitwa watumishi tu au wapishi. Mtoweka, ambaye Livingstone mwenyewe humwandika Ntaoeka, alikuwa mke wa Chuma, kwa hiyo huenda wengine watasema kijana alimkumbuka mkewe. Sawa, lakini vitabu vya wasafiri wa karne ile vimejaa watu waliopika kila siku kwa miaka, na majina yao hayamo.

Halima naye alipikia msafara huo. Mwaka 1872, walipokuwa karibu na Tabora, aligombana na Ntaoeka akaondoka kwa hasira, kisha akarudi mwenyewe akasimama nje, akingoja tu aambiwe aingie. Livingstone alimkaribisha, akampa nguo nzito ya kujikinga na baridi, na akaandika sifa zake: mwangalifu, mwerevu, haibi wala hamruhusu mumewe aibe. Akaahidi kumpa uhuru wake na kumnunulia nyumba na bustani Unguja watakapofika. Aliyeahidi hakufika Unguja akiwa hai.

Tarehe 29 Aprili 1873 watu wake walimhamisha hadi kijiji cha mkuu Chitambo. Alikuwa hawezi hata kuufikia mlango, ikabidi ukuta wa kibanda ubomolewe ili kitanda kisogezwe hadi alipolala. Usiku wa kuamkia Mei 1 alisikia makelele, akauliza kama ni watu wake. Susi akamwambia ni wenyeji wanafukuza nyati mashambani. Kisha mgonjwa akamuuliza, kwa Kiswahili, ni siku ngapi kwenda mto Luapula. Susi akakadiria siku tatu. Baadaye aliomba maji yachemshwe na kasha la dawa liletwe, akachagua dawa kwa taabu, akataka kikombe kimoja chenye maji na kingine kitupu viwekwe karibu, akamruhusu Susi aende. Kabla ya alfajiri kijana Majwara aliita watu. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa.

Moyo wake ulizikwa pale chini ya mti, ndani ya kopo la bati lililokuwa la unga. Mwili ukatiwa chumvi, ukaanikwa juani kwa wiki mbili, ukabebwa hadi Bagamoyo, ukafika Februari 1874. 

Kwetu, mtu akifa ghafla, matanga hayajaanza na swali limekwisha kupita: jana alikula wapi? Linaulizwa kwa sauti ya chini, na aliyempakulia hulisikia hata kama hakuna aliyemtazama. Nimeona watu wema wakibeba mzigo huo miaka mingi kwa sababu tu ndio waliompa marehemu sahani ya mwisho, ilhali daktari amesema ni moyo, au presha. Kwa hiyo, katika habari zote za namna hii, inayonigusa zaidi ni ya mfua chuma Cunda.

Cunda aliishi Pava, kaskazini mwa India, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Buddha, akiwa mzee wa miaka 80, alipita katika mji huo na Cunda akamwalika chakula pamoja na watawa wake. Maandiko ya Kipali yanakitaja chakula hicho kwa jina la sukaramaddava, na wataalamu hadi leo wanabishana kama ilikuwa nyama laini ya nguruwe au uyoga. Buddha alitaka hicho apakuliwe yeye peke yake, wengine wapewe vyakula vingine, na kilichobaki kizikwe shimoni. Cunda akatii. Baadaye mgeni wake akashikwa na tumbo kali la kuhara damu, akajikongoja hadi Kusinara, akafia huko.

Njiani, akiwa katika maumivu hayo, Buddha alimfikiria mwenyeji wake. Alimwambia mwanafunzi wake Ananda kwamba huenda watu wakamlaumu Cunda, au Cunda akajilaumu mwenyewe, na kwamba lazima moyo wake utulizwe. Ananda amweleze kuwa sadaka mbili zinazidi nyingine zote kwa thawabu: chakula alichokula Buddha kabla ya kupata nuru, na chakula anachokula kabla ya kuiaga dunia. Mgonjwa anayeendesha damu, na bado ana kilomita za kutembea, anatumia pumzi yake kumkinga aliyemlisha. Sijakutana na adabu ya mgeni inayozidi hiyo.

Waandishi wa Injili nao hawakuupita upande wa jikoni. Luka anasema waziwazi kwamba Yesu aliwatuma Petro na Yohana waandae Pasaka, wamfuate mwanamume aliyebeba mtungi wa maji hadi kwenye nyumba yenye chumba kikubwa cha juu. Mchoro wa Leonardo da Vinci pale Milano umetuzoesha kuwatazama hao wawili wakiwa wameketi mezani. Mchana wa siku hiyo walikuwa wameshughulika na maandalizi.

Katika mapokezi ya Mashia, Imam Ali alifuturu mara ya mwisho nyumbani kwa binti yake Umm Kulthum mjini Kufa, katika Ramadhani ya mwaka 40 Hijria, yaani 661. Binti alimwekea mkate wa shayiri, maziwa na chumvi. Baba akamwambia hataki vitoweo viwili kwa mlo mmoja, aondoe kimoja. Akaondoa maziwa, naye akala mkate kwa chumvi. Alfajiri Ibn Muljam akampiga upanga msikitini. Inasimuliwa kuwa maziwa yalirudi tena mbele yake alipokuwa amelazwa na jeraha, akanywa kidogo, akaagiza yanayobaki apewe mfungwa aliyemjeruhi.

Roma jambo lilikuwa kinyume kabisa. Kaizari Klaudio alikufa mwaka 54 baada ya kula uyoga, na wanahistoria wa Kirumi Tacitus na Suetonius wanaeleza kuwa aliwekewa sumu, lawama kubwa ikimwangukia mkewe Agrippina. Mwonjaji wake Halotus, aliyewekwa ili mauti yamfikie yeye kwanza, naye akatajwa katika njama. Nero aliyerithi kiti akawa anafanya mzaha kwamba uyoga ni chakula cha miungu.

Rosalie Lamorlière alikuwa msichana wa kazi katika gereza la Conciergerie, Paris, asiyejua kusoma wala kuandika. Asubuhi ya Oktoba 16, 1793, aliingia katika chumba cha Marie Antoinette, aliyekuwa amehukumiwa kifo saa chache kabla. Malkia alikuwa amejilaza kitandani na nguo zake nyeusi, analia. Rosalie akamkumbusha kwamba jana hakula karibu chochote, akamuuliza angependa nini. Akajibiwa kuwa hahitaji tena kitu, yote yamekwisha. Msichana hakuondoka. Akasema ana supu na tambi amezihifadhi jikoni juu ya moto, amruhusu amletee. Malkia akakubali supu. Akanywa vijiko vichache, hakuweza kuendelea. Rosalie aliisimulia asubuhi hiyo miaka mingi baadaye, na bila yeye tungebaki na uvumi tu kwamba alisema wasio na mkate wale keki, maneno ambayo hata si ya mwanamke yule.

Kwenye meli ya Titanic orodha za vyakula zimehifadhiwa kuliko watu. Chakula cha jioni cha daraja la kwanza, Aprili 14, 1912, kilikuwa na chaza, samaki salmoni, mwanakondoo, bata wa kuoka, njiwa na pichi katika jeli, na nakala zake zinachapishwa hadi leo. Orodha ya chakula cha mchana wa siku hiyo, iliyookolewa na abiria mmoja, iliuzwa mnadani mwaka 2015 kwa dola 88,000. Juu ya hayo kulikuwa na mgahawa wa kulipia uliosimamiwa na Mtaliano Luigi Gatti, ambako jioni hiyo tajiri George Widener na mkewe walimwalika Kapteni Edward Smith mezani. Mgahawa ulikuwa na wafanyakazi zaidi ya 60, wengi wao Waitaliano na Wafaransa. Walinusurika 3 tu: wanawake wawili washika fedha, na karani wa jikoni Paul Maugé. Maugé aliieleza tume ya uchunguzi mjini London kwamba wenzake walizuiwa kupanda kwenye sitaha ya mashua, naye akapita kwa sababu alikuwa amevaa nguo za kiraia na akaonekana kama abiria. Gatti akafa na watu wake. Ukiisoma ile orodha ya pichi na njiwa, wasome na hao.

Gerezani Marekani mpishi anajua anachopika. Brian Price alikuwa mfungwa Huntsville, Texas, na alipika zaidi ya milo 200 ya watu waliokuwa wakienda kuuawa na serikali. Magazeti yalichapisha maombi yao ya mapochopocho, lakini jikoni alitumia kilichokuwapo ghalani: aliyeomba steki alipata nyama ya kusaga iliyokandwa ikapewa umbo. Price ameeleza kuwa alikuwa akiiombea kila sahani kabla haijaondoka.

Jimbo la Arkansas, Januari 1992, lilimuua Ricky Ray Rector, mtu aliyekuwa amejipiga risasi kichwani na kuharibu sehemu ya ubongo wake. Alikula nyama na kuku, akaiacha pai yake ya njugu. Aliwaambia askari ataila baadaye. Sioni namna ya kuisoma habari hiyo na bado kuamini kwamba alielewa anapelekwa wapi.

Texas utaratibu wa chakula cha kuagiza ulikoma Septemba 2011. Lawrence Russell Brewer, mmoja wa wabaguzi waliomuua James Byrd Jr. mwaka 1998 kwa kumburuta nyuma ya gari mjini Jasper, aliagiza lundo: nyama za kukaanga, baga, bamia, nyama choma, piza, aiskrimu. Kisha hakugusa kitu. Seneta wa jimbo John Whitmire akaja juu, akisema muuaji hakumpa Byrd nafasi kama hiyo, na siku iyo hiyo idara ya magereza ikaufuta utaratibu kwa wote. Hasira hiyo naielewa. Kitendo cha Brewer cha kuagiza na kususa kilikuwa dharau. Lakini adhabu yake ilishuka kwa watu wengine waliofuata, maana yeye alikuwa amekwisha kufa.

Price, wakati huo akiwa huru, alijitolea kupika milo hiyo bila malipo, serikali isitoe hata senti. Ikakataa. Tangu hapo mfungwa anayekwenda kuuawa Texas hupakuliwa kile wanachokula wafungwa wengine siku hiyo.