Injini ni msaidizi, tanga ndilo tegemeo la baharia

KWA karne nyingi vyombo vya tanga viliunganisha Pwani ya Afrika Mashariki na Arabuni pamoja na Bara Hindi bila ya injini. Majahazi yalishuka kwa upepo wa kaskazi, unaovuma kuanzia Desemba hadi Machi, na kurejea makwao kwa upepo wa kusi.

Baharia na mwandishi Alan Villiers kutoka Australia alisafiri kwa jahazi la Kuwait mwaka wa 1938 na 1939, kutoka Aden hadi Zanzibar na delta ya Rufiji, kisha hadi Kuwait. Safari hiyo, iliyotegemea upepo, aliisimulia katika kitabu chake Sons of Sindbad, kilichotolewa mwaka wa 1940.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, injini za dizeli zilienea katika vyombo vya aina hiyo. Siku hizi hata mashua nyingi za Lamu huwa na tanga na injini pia. Swali linaloibuka ni iwapo nahodha anapaswa kuitegemea injini hiyo.

Faida za injini

Faida zake haziwezi kukanushwa. Hakuna chombo cha tanga kinachoweza kwenda moja kwa moja kuelekea upepo unakotoka. Hulazimika kubisha, yaani kwenda upande huu na ule, jambo ambalo ni gumu katika mlango mwembamba.

Aidha, bahari ikiwa shwari, tanga halina kazi. Nao mkondo wa maji huwa mkali wakati wa bamvua, ambapo tofauti kati ya maji kujaa na kupwa katika Pwani ya Kenya hupita mita 3. Mgonjwa anayepelekwa hospitalini Lamu kutoka Kisiwa cha Pate hawezi kusubiri upepo ugeuke.

Kinachoizima

Hata hivyo, injini ina tabia ya kuzimika wakati inapohitajika zaidi, na hilo si bahati mbaya tu. Maji na taka hutulia chini ya tangi la dizeli kwa miezi mingi bila ya kuleta madhara. Bahari inapochafuka na chombo kuyumba, taka hizo hutibuka, huziba chujio, na injini hukosa mafuta.

Vilevile, chombo kikilalia upande mmoja kwa nguvu za upepo, tundu linalovuta maji ya kupoza injini laweza kutoka majini, na injini ikapata joto kupita kiasi. Injini inayofungwa nyuma ya chombo nayo hupoteza nguvu kila mara wimbi linaponyanyua tezi na kuiacha rafadha ikizunguka hewani. Kipande cha wavu au kamba iliyoanguka kutoka kwa chombo chenyewe pia chatosha kuikaba rafadha hiyo.

Kwa hivyo, hatari kubwa haitokani na injini yenyewe bali na imani iliyopita kiasi. Nahodha anayeingia mlango wa mwamba akiwa amefunga tanga, huku nanga imefukiwa chini ya mizigo, hana njia ya pili. Injini ikizimika hapo, ana dakika chache tu kabla ya mawimbi kukitupa chombo miambani pamoja na abiria wake.

Sheria za bahari

Kanuni za kimataifa za mwaka wa 1972 za kuzuia vyombo kugongana baharini pia hutofautisha hali hizi mbili. Chombo huhesabiwa kuwa cha tanga iwapo tu injini yake haitumiki. Pindi injini inapoanza kukiendesha, hata kama tanga limetwekwa, chombo hicho hufuata sheria za vyombo vya injini na hupaswa kuvipisha vyombo vya tanga.

Wapo mabaharia walioikataa injini kabisa. Lin na Larry Pardey walizunguka dunia kwa mashua zao mbili, Seraffyn na Taleisin, ambazo hazikuwa na injini. Walitegemea tanga, kasia refu na subira ya kungoja upepo na maji.

Si lazima kila nahodha awaige, hasa anayebeba abiria. Lakini mazoea yao yana funzo: safari hupangwa kwa kuzingatia upepo na maji, si kwa kutumainia kwamba injini itawaka. Hii ndiyo sababu vyombo vinavyopita mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara, husubiri maji yajae.

Nahodha mwangalifu hukagua chujio na tangi kabla ya kung'oa nanga. Anapokaribia mwamba au bandari kwa injini, tanga lake huwa tayari kutwekwa na nanga tayari kutoswa. Zaidi ya hayo, huwafunza vijana wake kuendesha chombo injini ikiwa imezimwa. Mashindano ya mashua ya Lamu, yanayoendeshwa kwa tanga, husaidia kuuhifadhi ujuzi huo.

Wahenga walionya kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Injini na itumike, lakini mlingoti using'olewe.