Karani wa Luluabourg

Wengi hudhani kwamba askari huwa mwandishi kwa sababu ya vita alivyoviona. Historia ya nchi yetu yatuonyesha jambo jingine. Mwaka 1941 askari wa Force Publique walipigana huko Uhabeshi, Asosa, Gambela na Saïo, wakashinda; lakini ushindi wao twausoma hasa kwa kalamu za maofisa wao Wabelgiji. Hawakukosa la kusema. Walikosa shule na meza.

Joseph-Désiré Mobutu aliipata meza hiyo. Shule ya Mabruda ya Coquilhatville, ambayo leo ni Mbandaka, ilimfukuza kwa utoro, naye akatiwa jeshini miaka saba kama adhabu. Kwa kuwa alikijua Kifaransa vizuri, alifundishwa ukarani na hesabu huko Luluabourg, ndiyo Kananga ya leo. Hapo adhabu ikageuka shule. Alisoma magazeti ya Ulaya yaliyowafikia maofisa, akazoea mashini ya kuandikia. Tena, taarifa ya jeshi hudai tarehe, mahali, idadi na maneno machache. Sisi tuliofundisha insha twajua ni kazi ngumu kiasi gani kumzoesha kijana hayo. Akaanza kuandika makala katika gazeti la Actualités Africaines. Akiwa bado chini ya amri, alijificha nyuma ya jina la kubuni, de Banzy. Mwaka 1956 alivua sare, akawa mwandishi wa habari Léopoldville katika gazeti la L'Avenir.

Mwaka 1960 alirudi jeshini, safari hii akiwa kanali na mkuu wa majeshi; mwaka 1965 akatwaa nchi. Yule aliyeonja woga wa kuandika kwa siri hakuwahurumia waliomfuata. Januari 1972 gazeti la Kikatoliki Afrique Chrétienne lilihoji siasa yake ya kurudia asili, likafungiwa. Kardinali Malula alinyang'anywa makao yake, akakaa Roma kwa miezi kadhaa. Majina ya ubatizo yakakatazwa, na padri aliyembatiza mtoto kwa jina la kigeni alitishiwa kifungo.

Hapa Epulu, wengi wetu tuliozaliwa karibu na miaka hiyo tuna jina moja katika kitabu cha ubatizo na jingine katika karatasi za serikali.