Ramani ya jeolojia ya Kivu: namna karatasi za zamani zinaingia mu ordinatere

Kila mara tukipitisha habari ya maporomoko ya udongo ao ya mgodi, kuna msikilizaji anatuandikia: "Hakuna ramani yenye kuonyesha ardhi yetu iko namna gani kule chini?" Jibu ni kwamba iko. Tena ziko mingi. Shida ni kwamba sehemu kubwa zilichorwa kwa mkono, zamani, na watu ambao hawakuwa wanatafuta kitu kimoja. Kuziunganisha zote kuwa ramani moja ya ordinatere ni kazi ya miaka. Hapa tunaeleza ile kazi inafanyika namna gani, na juu ya nini inatuhusu sisi wakaaji wa Bukavu, Kalehe, Mwenga ao Uvira.

Ramani ya jeolojia si sawa na ile tunajua ya barabara na miji. Hii inaonyesha mawe. Rangi moja ni graniti, ingine ni bazalti (lava iliyopoa), ingine ni udongo na mchanga ulioletwa na mito. Kila rangi inasema vitu viwili: jiwe ni la aina gani, na ni la wakati gani. Mistari minene ni mipasuko ya ardhi, pale mawe yalikatika na kusogea. Ukijua kuisoma, unaweza kujua pa kutafuta kasiteriti, pa kutafuta maji, na mahali gani kilima kinaweza kushuka.

Tuchukue mji wa Bukavu. Sehemu kubwa ya mji imejengwa juu ya lava ya zamani sana, ya miaka milioni kadhaa, mbali sana mbele ya Nyiragongo tunayoijua. Mvua na joto vimeikula ile lava mpaka ikakuwa udongo mwekundu wenye kunata, mu sehemu zingine kwa kina kirefu. Njo ule udongo unateleza kule Funu, ambako mtaa mzima umekaa juu ya poromoko la zamani lenye kuendelea kusogea polepole. Wenye kujenga kule wanajua: nyumba inapasuka, unaziba, inapasuka tena.

Sasa, karatasi zenyewe zilitoka wapi? Kwa Congo, watu wanaanza mara nyingi na Jules Cornet, Mbelgiji aliyetembea Katanga kati ya 1891 na 1893 na kuandika juu ya mawe yake. Kwetu Kivu mambo yalikuja nyuma, na yalikuja hasa kwa njia ya migodi. Kampuni ya Minière des Grands Lacs, ile wazee wanaita MGL, ilianzishwa 1923. Comité National du Kivu ilifuata kunako 1928. Watu wao walipanda mito na kushuka, wakiosha mchanga mu sahani kutafuta dhahabu na kasiteriti, na kuandika mu kitabu kila mahali jiwe lilionekana. Wazungu njo waliweka majina yao chini ya ramani. Wabebaji, wakata-njia na waosha-mchanga, watu wa hapa hapa wenye kujua kila kijito, majina yao ni shida kuyapata mu zile karatasi.

Ile kazi ilileta milima ya karatasi: ramani za kampuni, madaftari, picha zilizopigwa kutoka ndege mu miaka ya 1950, na masanduku ya mawe yenye namba. Kunako 1954, Lucien Cahen alitoa kitabu kikubwa juu ya jeolojia ya Congo nzima. Kunako 1974, Jacques Lepersonne alitoa ramani ya jeolojia ya Zaïre kwa kipimo cha 1/2 000 000, na mpaka leo wengi wanaanzia pale. Mu 1976 kampuni za mgodi za Kivu na Maniema ziliunganishwa kuwa SOMINKI, na karatasi zao zikafuata. Sehemu kubwa ya kumbukumbu hizi iko leo Ubelgiji, mu Jumba la Makumbusho la Afrika ya Kati kule Tervuren, karibu na Brussels. Zingine zilibaki hapa, na si wote wenye kuzilinda walikuwa na kabati isiyoingiza maji.

Kwa Kivu, kazi ya kuunganisha ilizaa tunda kunako 2018: ramani ya jeolojia ya Kivu kwa kipimo cha 1/500 000, iliyotengenezwa na Tervuren pamoja na watafiti wa hapa kwetu, wa Université Officielle de Bukavu wakiwa ndani. Kazi ya namna hiyo inafanyika hivi.

Kwanza ni kutafuta na kuhesabu. Ramani ipi iko wapi, ilichorwa na nani, mwaka gani, kwa kutembea pale ao kwa kukisia? Kisha kila karatasi inapitishwa mu skana, na pale panaanza fujo. Karatasi inavimba na unyevu, inakauka, inavutika. Imekunjwa mara nne na mikunjo imekula majina. Ramani ambayo imevutika milimita 2 tu, kwa kipimo cha 1/200 000, imeshakosea kwa mita 400.

Kisha inafuata kazi ambayo mimi naona njo ngumu kuliko zote: kuweka ile picha mahali pake pa kweli juu ya dunia. Unatafuta mu karatasi alama ambazo hazijahama: mahali mito miwili inakutana, kichwa cha mlima, ncha ya kisiwa cha Idjwi. Unazitafuta tena mu picha za setilaiti za leo, na unaiambia ordinatere: hii hapa ni ile pale. Barabara hazifai sana, zimehama. Vijiji havifai kabisa. Mtu mwenye kutafuta Bukavu mu karatasi fulani anaweza kukuta Costermansville. Kalemie ni Albertville. Hayo ni rahisi, kila mtu anajua. Lakini kijiji kilichoitwa kwa jina la kapita wa wakati ule, na kapita akafa, na watu wakahamia kando ya barabara? Pale hakuna ordinatere itakusaidia. Unaenda kuuliza mzee.

Kuna mtego mwingine ambao hauonekani kwa macho. Ramani za zamani za mashariki ya Congo hazikupima dunia kwa namna GPS ya simu yako inapima. Zilitumia umbo la dunia lililokadiriwa mu karne ya 19, mwaka wa 1880, na vipimo vya kando ya meridiani ya 30. Ukichukua namba za mahali kutoka ramani ya namna hiyo na kuziingiza mu GPS bila kuzibadili, unaweza kukosa mahali kwa mita 300 hivi, upande wa kaskazini ao kusini. Mita 300 ni nini? Sheria ya mgodi inagawa nchi mu vipande vinaitwa "kare", kila kimoja hektari 84,955, maana yake upande mmoja ni karibu mita 920. Kwa hiyo kosa moja la kubadili namba linaweza kusogeza shimo kwa tulusi ya kare, na kulitoa mu eneo la koperative na kulitia mu eneo la kampuni. Watu wamegombana kwa kidogo kuliko hicho.

Kiisha karatasi kukaa mahali pake, mtu anakaa mbele ya kiyo na kufuata kila mstari kwa kidole cha souris, siku baada ya siku. Kila eneo la rangi linafungwa na kupewa jedwali: jiwe gani, umri gani, karatasi gani ilisema hivyo, mwaka gani. Wengi wanatumia QGIS, programu ya bure, hata wanafunzi wa hapa wanaijua. Kile kijedwali njo roho ya kazi yote. Ramani ya karatasi inakuambia "hapa graniti" na inanyamaza. Ramani ya ordinatere, kama imefanywa vizuri, inakuambia pia nani alisema, na kama alifika pale ao aliona tu kutoka mlima wa ngambo.

Halafu majina ya mawe. Mawe yale yale yanapita mipaka, lakini kila nchi iliyaita kivyake. Burundi iliyaita ya "Burundi", Uganda na Tanzania ya "Karagwe-Ankole", na kwetu wengi waliandika "Kibara", jina la milima ya Katanga. Ukiweka ramani ya Rwanda kando ya ramani ya Congo, rangi zinakatika mstari mmoja kwenye mto Ruzizi, sawa vile mawe nayo yanaombwa viza. Kunako 2010, kundi la watafiti wakiongozwa na Luc Tack lilionyesha kwamba ukanda wa Karagwe-Ankole na ule wa Kibara ni vitu viwili ingawa mambo yao makubwa yalitokea wakati mmoja, miaka milioni 1 375 iliyopita. Graniti zilizoleta kasiteriti yetu ni za nyuma, karibu miaka bilioni 1. Mwenye kuunganisha ramani lazima aamue: jina gani linabaki, lipi linaondoka. Akiamua vibaya, kosa lake linaenea mu mkoa mzima.

Sasa nikiri kitu. Miaka fulani nilisema mu mikro kwamba kilima kimoja cha kwetu kiko juu ya "jiwe gumu", kwa hiyo watu wasiogope. Nilikuwa nimefungua ramani ya nchi nzima mu simu, nikaivuta kwa vidole mpaka kilima kikajaa kiyo, nikaona rangi ya graniti. Mama mmoja akapiga simu mu emisio. Akasema: "Mwanangu, kuja uone. Kwetu udongo ni mwekundu na maji yanatoka chini ya nyumba." Alikuwa na haki. Kwa kipimo cha 1/2 000 000, nchi yetu yenye upana wa kilomita 2 000 hivi inakuwa mita moja tu. Milimita moja ya karatasi ni kilomita 2. Kilima chote kilikuwa kinajificha ndani ya unene wa mstari. Kuvuta picha kunakuza rangi, hakuongezi ukweli. Hata ile ya 1/500 000, milimita moja yake ni mita 500. Ni ramani ya mkoa, si ya kiwanja chako.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mtu akikuonyesha ramani mu simu na kusema "hapa chini ya shamba lako kuna dhahabu", muulize kwanza: kipimo chake ni kipi? Kama hajui, mwambie arudi siku ingine. Na ujue pia kwamba ramani ya jeolojia haisemi shamba ni la nani, wala nani ana ruhusa ya kuchimba. Hiyo ni kazi ya Cadastre minier, CAMI, na ramani yao ni ingine kabisa.

Kazi haimalizikie mu ofisi. Pale karatasi mbili zinapingana, dawa ni kwenda na nyundo. Setilaiti zinasaidia: vipimo vya urefu wa milima vilivyochukuliwa kutoka chombo cha angani mu mwezi wa pili 2000 vinaonyesha mipasuko na maporomoko ambayo mtu wa kutembea kwa miguu hakuweza kuona yote. Lakini setilaiti inaona majani, haioni jiwe chini ya pori ya Itombwe. Na kuna sehemu za Kivu ambazo mtafiti hajaweza kufika tangu miaka mingi, juu ya usalama. Pale ramani mpya inaendelea kumwamini mtu wa 1935, kwa sababu hakuna aliyerudi.

Faida yake mtu anaiona wakati wa msiba. Wakati wa mvua ya tarehe 4 mwezi wa 5, 2023, Bushushu na Nyamukubi mu teritware ya Kalehe zilifunikwa na maji, mawe na matope. Zaidi ya watu 400 walikufa. Ramani ya jeolojia peke yake haiwezi kutangaza siku ya namna hiyo. Inahitaji kuwekwa juu ya ramani ya mteremko, ya mito, ya pori iliyokatwa na ya nyumba. Ordinatere inaweza kuziweka moja juu ya ingine, na karatasi haiwezi. Watafiti waliofanya hivyo mu Kivu, wakilinganisha picha za ndege za zamani na za setilaiti za leo, waliona kwamba pori ikikatwa mu mteremko, maporomoko yanaongezeka kwa muda wa miaka kama 15 mbele ya kupungua. Maana yake, familia inayotafuta pa kujenga tena inafaa kuuliza pia juu ya miti iliyokatwa kule juu wakati watoto walikuwa bado wadogo.

Kitu kingine: karatasi ya 1974 haiwezi kuonyesha lava ya Nyiragongo ya 1977, wala ya 2002, wala ya 2021. Ya ordinatere inaongezwa kila mara, mradi kuna mtu anayelipwa kuiongeza.

Na pale panaingia swali la nani anashika funguo. Mu mwezi wa 7, 2025, serkali yetu ilisaini makubaliano ya kanuni na KoBold Metals, kampuni ya Marekani yenye kutafuta madini kwa msaada wa akili ya kompyuta. Mu mambo yaliyotajwa kulikuwa kuingiza kumbukumbu za zamani za jeolojia ya Congo mu ordinatere na kuzifungulia watu wote. Kampuni kutaka zile karatasi haishangazi: shimo moja la kupima madini ni bei kali, na mtu wa MGL huenda alishaandika jibu zamani. Mimi naona sharti moja halifai kuachwa: nakala kamili, pamoja na vijedwali vyake, ikae kwa Service Géologique National du Congo na mu univasite zetu, siku ile ile kampuni inapata yake.

Mwenye kutaka kuona ramani ya 2018 anaweza kuuliza kwa watu wa jeolojia wa Université Officielle hapa Bukavu. Na kama una mzee nyumbani aliyefanya kazi MGL ao SOMINKI, na ana karatasi chini ya kitanda, usiziwashie makala. Zipige picha kwanza, kila ukurasa, pamoja na kando zake, kwa sababu kipimo na mwaka vinaandikwa kule chini pembeni. Muulize pia majina ya vijiji ambavyo havipo tena, na uandike.